Makaburi Mawili Nyuma ya Nyumba ya Mwanjelwa

Watoto wangu wakitaka kununua kiwanja huniita kwanza nikakione. Wao hutembea na mwenye eneo wakihesabu hatua na kutafuta mawe ya mpaka. Mimi nazunguka nyuma peke yangu, macho chini, nikitafuta tuta la udongo lenye urefu wa mtu. Nikirudi namuuliza mwenye eneo, "Hapa amelala nani?" Watoto hucheka. Husema baba siku hizi anaulizia wafu kuliko wazima. Nawaacha wacheke. Mungu amenipa umri mrefu, namshukuru, na jambo hili nimelijua kwa gharama ya nyumba nzima.

Mimi ni mtu wa Iringa, upande wa Kalenga. Misheni ilinifundisha useremala na neno la Mungu, na nikafanywa mzee wa kanisa kabla sijaota mvi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, reli ya kwenda Zambia ilipokuwa inajengwa, Mbeya ilijaa kazi. Nilimwacha mke wangu Kalenga na watoto, nikapanda lori na sanduku la zana.

Mwanjelwa, pembeni mwa mji wa Mbeya, siku zile ilikuwa nusu vibanda, nusu mashamba ya viazi. Mzee mmoja wa Kisafwa aliniuzia kipande cha ardhi pale. Hatukuandikiana. Tuliizunguka mipaka kwa miguu, yeye, mimi na mashahidi wawili, nikaomba, tukashikana mikono. Niliona tumemaliza, kwa sababu kwetu watu wenye heshima waliuziana hivyo.

Matofali niliyafyatua na kuyachoma palepale. Nyumba ilinichukua miaka miwili. Ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati inayotoboa mpaka uani, na baraza mbele. Milango sita ya vyumba niliitengeneza kwa mbao za mninga zilizokuja na malori ya tumbaku kutoka Chunya. Mlango mmoja ulikula Jumamosi nne. Mke wangu alipokuja kuiona nyumba alipita koridoni akipapasa mlango mmoja mmoja kama mtu anayesalimia wageni, kisha akaniambia, "Baba watoto, sasa tukizeeka hatutamlilia mtu." Nyumba ile ndiyo ilikuwa uzee wetu. Hatukuwa na kingine.

Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mwanakwaya mwenzangu kanisani, mwenye sauti nene iliyoshikilia kwaya nzima. Alichukua chumba cha mbele na kuweka cherehani barazani. Nilikuwa bado sijafika kizingitini, tayari ameshasimama, "Shikamoo, mzee wa kanisa!" Kwa kuwa nilikwenda Kalenga mara kwa mara, nilimwachia funguo zote. Wapangaji wengine walimwona yeye kuliko walivyoniona mimi.

Masika ya mwaka wake wa pili kwangu mama yake aliletwa hospitali kutoka kijiji cha mbali, huko ng'ambo ya Chunya, akafariki. Mvua ilikuwa imekata barabara. Malori yalizama kwenye tope siku tatu bila kutoka. Yule fundi alinifuata kwenye karakana yangu, akapiga magoti juu ya maranda.

"Mzee wangu, makaburi ya mji siyawezi. Mama yangu hajui mtu mle. Nipe nafasi ndogo tu, uani."

"Na ukihama?"

"Nikihama nitakuomba unipalilie. Sitadai kitu, mzee. Ni mama tu."

Nililia naye. Nilitengeneza jeneza kwa mninga uliobaki, nikatoa matofali yangu yajengewe kaburi, na kwa kuwa mchungaji alikuwa safarini, ibada niliiongoza mimi. Nilihubiri habari ya yule baba wa imani aliyefiwa na mkewe ugenini, ambaye wenyeji walitaka kumpa kaburi bure, akakataa, akalinunua shamba zima mbele ya mashahidi. Nilieleza vizuri sana. Watu walisema amina. Nilikuwa nimesimama juu ya udongo wangu mwenyewe nikiwafundisha wengine kwa nini mgeni mwenye akili hapokei kaburi la bure, na mwenye ardhi mwenye akili halitoi, na sikuyasikia maneno yangu mwenyewe.

Jirani yangu, mama aliyeuza viazi njiapanda, alinivuta pembeni kabla udongo haujakauka.

"Mzee wa kanisa, huyo hahami tena."

"Mama, tuwe na imani."

"Imani nnayo. Ila nakwambia hahami."

Baada ya mavuno ilikuja amri ya kuhamia vijijini. Kila kaya ilitakiwa iwe kwenye kijiji chake, nyumba zikiwa kwenye mstari, na asiyekuwepo hakuandikwa na wala hakupewa shamba. Nilirudi Kalenga kubomoa nyumba yetu ya zamani na kujenga mpya kwenye mstari. Niliandikishwa pale, jina langu na la mke wangu na la kila mtoto. Nikakaa huko mpaka mahindi mapya yakabeba. Funguo za Mwanjelwa zilikuwa mahali pake, kwa fundi.

Siku niliyorudi nilishuka kwenye basi mchana wa jua kali. Niliona kwanza mawe ya mpaka, mapya, yamepigwa chokaa. Kisha nikamwona fundi barazani. Hakusimama.

"Shikamoo," alisema, akaishia hapo.

"Marahaba. Wapimaji wamepita?"

"Wamepita. Wameniandika."

"Wamekuandika kama nani?"

"Kama mwenyeji." Alikuwa anapindua kola ya shati, hakuinua macho. "Waliuliza nani ana watu wake hapa. Nikawapeleka kwa mama."

"Na mimi ulisema ni nani?"

"Nilisema wewe ni fundi uliyetujengea."

Nilisimama mbele ya nyumba yangu na mkoba mkononi. Cherehani ikaanza tena kulia.

Nilikwenda ofisi ya ardhi. Mzee wa Kisafwa alikuwa ameshafariki. Shahidi mmoja alikuwa amehamishiwa kijiji cha mbali. Wa pili alikuja, akasema kwamba sala anaikumbuka, ilikuwa ndefu, lakini hakumbuki ilikuwa ya kuombea nini. Balozi wa nyumba kumi alisema anachojua yeye ni kwamba mikutano yote fundi cherehani alihudhuria, mimi sikuonekana.

Afisa alikuwa kijana mwenye adabu. "Mzee, una karatasi?"

"Sina."

"Umeandikishwa Kalenga?"

"Ndiyo."

"Una shamba huko?"

"Ndiyo."

"Basi hapa ulikuwa nani? Maana ukiniambia ulikuwa na vyumba sita vya kupangisha watu, itabidi niandike hivyo."

Anayekumbuka miaka ile anaelewa swali lile. Kupangisha nyumba kulitajwa mikutanoni pamoja na unyonyaji, na mnyonyaji hakuwa na mtetezi. Mikono yangu ilikuwa na sugu za randa, lakini sugu hazikuulizwa. Fundi, aliyekuwa kwenye benchi mlangoni, akasema kwa sauti yake nene ya kwaya, "Kumbe mzee wetu wa kanisa ni bepari!" Watu waliokuwa wanangoja zamu yao wakacheka. Kicheko kile bado ninakisikia. Kuna siku nakisikia katikati ya wimbo, kanisani.

Afisa alimalizia kwa upole. "Mwenzako ana kaburi la mama yake pale. Ukipewa wewe kiwanja, yule mama tumpeleke wapi?" Akasema naweza kuchukua vinavyong'oka, milango na madirisha.

Mke wangu alikuja kutoka Kalenga kwa ajili ya milango ile. Alikuja na kamba. "Ing'oe yote sita. Alale wazi kama mbuzi."

"Naiacha."

"Unamwachia?"

"Naiacha makusudi. Nataka kila akiingia kulala ashike kazi ya mkono wangu."

Alikunja kamba yake, akarudi Kalenga. Hakukanyaga tena Mbeya.

Mimi nilibaki, kwa sababu kazi ilikuwa Mbeya na ada za watoto zilitoka kwenye kazi. Nilipanga chumba ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi nikifungua dirisha naiona baraza yangu na mtu aliyekaa juu yake. Kanisani tulikaa benchi moja, maana wanakwaya na wazee walikaa upande mmoja. Nilimpa mkono wa amani kila Jumapili. Yeye alifikiri nimesamehe, na wengine walinitolea mfano. Ukweli ni kwamba niliomba kila siku, na ombi langu halikuwa zuri. Sikumwombea kifo wala ugonjwa. Niliomba siku moja akae mahali nilipokaa mimi siku ile alipopiga magoti mbele yangu, na aone jinsi panavyounguza. Nilijua kisasi si mali yangu. Nilikuwa nimewafundisha hivyo wanafunzi wa kipaimara mwaka baada ya mwaka. Niliona tu kwamba kama Mungu angekawia, mimi ningeweza kungoja. Nilingoja zaidi ya miaka mitatu.

Kwenye masika ya mwaka wa nne akaja mpangaji kwa fundi, mfugaji wa Kisukuma kutoka Usangu. Ukoo wake ulikuwa umehamia bondeni kule na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Alikuwa na mke na binti wa miaka minne mgonjwa. Daktari alitaka mtoto aonwe kila wiki, wakapanga chumba cha nyuma ili wawe karibu na hospitali, na baba akapata kazi ya kubeba mizigo sokoni. Alikuwa mrefu, mnyamavu, mwenye salamu ndefu. Mtoto alifariki mvua ikiwa katikati, na bonde lote la Usangu likiwa maji.

Niliitwa kupima jeneza. Nilikuta watu wamejaa barazani na koridoni. Mama wa mtoto alikuwa ndani na wanawake. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya fundi.

"Baba mwenye nyumba," alisema, "nakuomba mahali pa kumlaza mwanangu. Pale uani, karibu na bibi."

Sikuwa nimewahi kuomba kitu na kukiona kinakuja kikiwa kamili namna ile.

Fundi alijikuna shingo. "Kuna makaburi ya mji, ndugu yangu. Ndiyo taratibu."

"Ana miaka minne. Hajui mtu kule."

"Taratibu siyo yangu. Hata..." Macho yake yalizunguka yakanipata mimi na kamba yangu ya kupimia. Aliona wokovu. Alidhani kwamba mimi kuliko mtu yeyote ningependa lile lisifanyike tena. "Hata mzee wa kanisa yuko hapa, aseme yeye. Mzee, hivi inaruhusiwa kuzika uani?"

Balozi akageuka. Niliikunja kamba taratibu, nikaiweka mfukoni, nikasema kwa sauti niliyokuwa naitumia madhabahuni:

"Fundi, mwanangu. Mama yako alifika hapa akiwa maiti ya mgeni, na mvua ilikuwa hivi hivi. Watu walimhurumia, akalazwa. Sasa nani kati yetu atamnyima mtoto huyu kile ambacho mama yako hakunyimwa?"

"Kweli!" alisema mama muuza viazi, aliyekuwa koridoni. Na wanawake wengine wakaitikia, kweli, kweli.

Uso wa fundi uligeuka rangi ya jivu. Alitazama watu, akatazama chini. "Azike," alisema. Aliponipita kwenda uani alinong'ona, "Mzee, umenifanyia nini?"

"Nimekaribisha mgeni," nilimjibu. "Kama ulivyokaribishwa."

Jeneza lile dogo nililipiga randa mpaka likang'aa. Lazima niseme yote. Niliomboleza kwa mdomo, nikaongoza sala, nikamshika baba wa mtoto begani, na ndani yangu nilikuwa nafurahi kama mtu aliyepata mvua shambani. Msumari wa mwisho niliupigilia nikimshukuru Mungu. Sikumshukuru kwa ajili ya mtoto.

Kisha nikaanza kungoja. Nilifungua dirisha kila asubuhi nikitazamia kelele, ugomvi, safari ya kwenda ofisi ya ardhi. Fundi naye alikuwa anangoja. Alikonda. Nilisikia alimzuia yule mfugaji asijengee kaburi kwa matofali, na alimkataza kupanda hata ua. Mfugaji hakubisha. Alikwenda sokoni, akarudi, jioni alikaa kidogo karibu na tuta lake, akaingia ndani. Masika ikaisha, kiangazi kikafika katikati. Hakuna kilichotokea, na subira yangu, ambayo watu waliisifu, ikaniishia.

Nilimfuata yule mfugaji sokoni Mwanjelwa. Alikuwa amepumzika juu ya magunia ya viazi, anakula muhogo wa kuchoma. Alinimegea.

Nikaketi. "Baba," nilisema, "kuna jambo hujui, na hakuna atakayekuambia. Mtu mwenye kaburi hahamishwi. Yule fundi mwenyewe alipata kiwanja kile kwa kaburi la mama yake. Wewe una mtoto wako pale. Ukienda ofisi ya ardhi, wakikuuliza..."

Niliongea muda mrefu. Nilikuwa nimepanga hata majibu ya kumpa afisa. Yeye alitafuna polepole mpaka akamaliza, akapangusa mikono kwenye gunia.

"Mzee," alisema, "siku ile ulisimama ukamlilia mwanangu."

"Ndiyo."

"Kumbe ulikuwa unapima kiwanja?"

Hakusema kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua njia. Nilinyanyuka nikaenda zangu, na muhogo wake ukiwa mkononi mwangu.

Wiki chache baadaye maji yalikuwa yamekauka bondeni, na mke wake alikuwa mjamzito, wakaamua kurudi Usangu. Asubuhi ya kuondoka alibisha hodi kwangu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Sikujua nitazame wapi.

"Moyo wako ulikuwa na yake," alisema, "lakini mdomo wako ndio uliompatia mwanangu mahali. Sina ndugu mji huu. Nakuachia wewe. Uwe unampalilia."

Akanishika mkono, akanivusha barabara mpaka barazani. Fundi alikuwa kwenye cherehani.

"Baba mwenye nyumba, mimi nahama. Sidai kitu. Mzee huyu atakuwa anakuja kwa mtoto wangu. Naomba asizuiwe."

Alisema maneno yaleyale, sidai kitu, ambayo mwingine aliyasema akiwa amepiga magoti juu ya maranda yangu. Huyu aliyasema kisha akabeba mzigo wake akaondoka. Nilimtazama mpaka alipopinda kwenye mti wa mlingoti. Nilikuwa nimemngoja aje kuwa mwovu, na hakuja.

Basi ndivyo nilivyopata tena ruhusa ya kuingia nyumbani kwangu. Njia ya kwenda uani ni moja tu, ni ile korido. Kila mwezi, Jumamosi asubuhi, nilivuka barabara na jembe begani. Fundi alisema shikamoo, nami nikaitikia. Nilipita katikati ya milango yangu sita nikiipapasa kama alivyofanya mke wangu. Mmoja ulikuwa umeanza kukwaruza sakafu, na niliuacha ukwaruze.

Kaburi la mtoto nililipalilia vizuri, na hilo nilikuja kulifanya kwa moyo safi. Niliomba pale kwa ajili yake na kwa ajili ya baba yake, na nikaomba nisamehewe furaha niliyokuwa nayo nilipokuwa nikilipigilia jeneza lake. Kaburi la yule mama lilikuwa hatua mbili kutoka hapo, majani yamelifunika. Huyo hakunikosea kitu. Nilikuja kulipalilia na lenyewe, baada ya mwaka.

Ila mwanawe sikumwachilia. Kila nilipokuja na jembe cherehani ilinyamaza. Nilimsikia akija koridoni, akisimama kwenye mlango wa uani, akiniangalia. Hakujua kama nimekuja kupalilia au kuchimba, kama siku moja nitaleta shahidi, au afisa, au maiti nyingine. Angeweza kuniuliza, nami ningeweza kumwambia. Mungu anajua nimelitaja hili katika toba yangu zaidi ya mara moja.

Majani ya kaburi dogo humalizika haraka. Mimi nilikuwa napalilia polepole, nikiimba wimbo wa kanisani mpaka ubeti wa mwisho, wakati huo wote cherehani ikiwa kimya.